Kilima cha Wanung'unikaji

Watu wetu waliohamia London wana ugonjwa mmoja: mgeni akishuka kwenye ndege hawamwachi akalala. Wanataka aone. Aone daraja, aone kasri, aone askari wenye kofia za manyoya, na akishaona apigwe picha, na picha itumwe kwenye kundi la ukoo ili walioko Tanga wajue kuwa mjomba anafaidi. Mimi nilishakata shauri kwamba likizo yangu nitaimalizia sebuleni kwa binti wa dada yangu, chai mkononi, nikiisema hali ya hewa yao. Bahati mbaya binti huyo ni muuguzi, na wauguzi kazi yao ni kuwaamsha watu waliolala vizuri.

"Mjomba, amka ujiandae. Leo nakupeleka Greenwich, kule saa zinakotoka."

Nikamwambia saa niliyonayo inanitosha. Akanipa koti.

Kwanza, hakuna aliyenitajia kilima. Jumba la kifalme la kuangalizia nyota liko juu kileleni katikati ya bustani, na kutoka mtoni Thames, pale inapokaa ile meli ya kale Cutty Sark, safari ni ya kupanda mpaka mwisho. Wazee walionizidi umri walinipita, mmoja anaburutwa na mbwa wake, akanisabahi. Nikakaa kwenye benchi nikajifanya natazama mandhari. Mandhari, nisidhulumu, yapo: mto unajipinda chini, na ng'ambo yake majengo ya vioo ya Canary Wharf yamejazana. Ila mandhari hayaponyi goti.

Getini kuna saa ya ukutani, na hapo ndipo nilipoanza kuchukia kwa dhati. Ilitengenezwa na fundi Charles Shepherd, ikafungwa mwaka 1852, na inaendeshwa kwa umeme; wakati huo jambo hilo lilikuwa maajabu. Sasa, sisi tuliokua na saa ya Kiswahili tuna ujanja wetu. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba, jicho linavuka ng'ambo ya pili linakuta moja; hiyo ni saa moja, mtu anaendelea na shughuli zake. Hafikirii, jicho linajiendea lenyewe. Saa ya Shepherd ina tarakimu za Kirumi za saa ishirini na nne, sifuri juu, kumi na mbili chini, na mshale mfupi unazunguka mara moja tu kutwa na kucha. Ulikuwa umesimama kwenye kumi. Jicho langu likavuka kwa mazoea, likatua kwenye ishirini na mbili. Saa ishirini na mbili asubuhi! Kumbe kwenye saa hiyo huvuki. Unarudi nyuma robo ya duara ndipo upate saa nne. Nani ana nafasi ya kupiga hesabu hizo akiwa anahema?

Na hata hiyo saa nne haikuwa kweli, kwa sababu simu ya mpwa wangu ilikuwa inasema saa tano.

"Haijakosea, mjomba," akasema. "Ilikuwa hivyo tangu zamani. Haifuati saa za kiangazi, inabaki na ya Greenwich mwaka mzima."

Msomaji ambaye hajakaa Ulaya huenda hajui kwamba wenzetu, ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi, wanasogeza saa zao mbele kwa saa nzima, na Oktoba wanazirudisha. Nchi nzima inakubaliana kudanganyana kwa miezi saba, halafu inaombana radhi. Haya. Lakini juu ya paa la jumba hilo hilo kuna mpira mwekundu uliochomekwa kwenye mlingoti. Uliwekwa mwaka 1833 kwa ajili ya mabaharia waliotia nanga mtoni: wauone ukidondoka, warekebishe saa zao kabla ya kung'oa nanga. Mpaka leo, upepo ukiruhusu, kila siku saa saba mchana kasoro dakika tano unapandishwa hadi nusu ya mlingoti, kasoro mbili unafika kileleni, na saa saba kamili unashuka. Na mpira huo, tofauti na saa ya getini, wakati wa kiangazi unafuata saa za kiangazi. Kwa hiyo mpira ukisema saa saba, saa iliyo chini yake inasema saa sita. Nyumba moja, ukuta mmoja, nyakati mbili. Mimi na mke wangu tukihitilafiana kwa saa nzima juu ya muda wa chakula cha mchana, majirani wanaitwa kusuluhisha. Pale tangu mwaka 1997 pameorodheshwa kuwa urithi wa dunia.

Mpwa wangu akakata tiketi kabla sijauliza bei, tukaingia uani kuona mstari. Huo ndio mstari wenyewe, longitudo sifuri tuliyoichora shuleni katikati ya ramani kwa kalamu ya wino mwekundu tukachapwa kwa kuipindisha. Umetandazwa chini kwa chuma, na watu wamepanga foleni ndefu ili kila mmoja apigwe picha akiwa ametanua miguu juu yake, mmoja mashariki ya dunia, mwingine magharibi. Baba mmoja mbele yetu alimpanga mkewe, kisha watoto, kisha mkoba wa mkewe peke yake. Nilipofika zamu yangu nilisimama miguu yote miwili upande wa mashariki. Mashariki ndiko nyumbani. Magharibi sina ninachokifuata.

Wakati napigwa picha, mpwa wangu akachungulia simu yake, akacheka. Simu haikusema sifuri. Ilisema tuko magharibi ya sifuri kwa sekunde tano na ushei za longitudo. Sifuri ya satelaiti iko kama mita 102 kwenda mashariki, huko kwenye majani ya bustani, hakuna foleni wala chuma.

Hapa niwe mwadilifu kidogo, maana sababu yake ni tamu. Mstari wa uani ni wa George Airy, aliyefunga darubini yake pale na kuanza kuitumia mwaka 1851. Ili ajue juu ni wapi na chini ni wapi, Airy alitegemea zebaki iliyotulia kwenye beseni. Lakini zebaki, na timazi ya mwashi pia, hufuata mvutano wa ardhi ya pale pale ilipo, na ardhi haina uzito sawa kila mahali, kwa hiyo timazi haielekei barabara kwenye kitovu cha dunia. Satelaiti zinapima kutoka kitovuni. Tofauti ndogo ya pembe huko chini, ikifika juu inakuwa mita 102. Airy hakukosea kitu kwa vifaa alivyokuwa navyo. Tena si yeye peke yake mwenye mstari pale. Kabla yake alikuwepo James Bradley, ambaye wake uko kama mita sita kwenda magharibi na ndio uliotumiwa kuchorea ramani za Uingereza. Wakuu kadhaa walipofika walitaka darubini mpya, na darubini mpya ikaja na mstari mpya. Tabia hiyo ya bosi mpya naijua, sikushangaa.

Nilichoshangaa ni namna mstari wa Airy ulivyopata cheo. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, kuamua dunia ihesabie wapi. Kutoka Afrika ilikuwepo Liberia peke yake. Nchi 22 zikakubali Greenwich, kwa sababu sehemu kubwa ya meli za biashara tayari zilikuwa zinatumia ramani zake. San Domingo ikapinga. Brazili na Ufaransa zikakataa kupiga kura. Wafaransa walinuna hasa. Waliendelea na saa ya Paris mpaka 1911, na hata walipokubali yaishe, sheria yao ilisema saa ya Ufaransa ni saa ya Paris ikipunguzwa dakika 9 na sekunde 21. Hesabu hiyo inakupeleka Greenwich moja kwa moja, ila jina Greenwich halimo. Hao ndio watu wa kununa nao.

Mwezi uliofuata, Novemba 1884, ukafunguliwa ule mkutano wa Berlin. Waliotugawia saa waliwatangulia waliotugawia ardhi kwa wiki chache tu, na hatukualikwa kote kuwili.

Hatimaye saa zetu nazo zikahesabiwa kutoka kwenye kilima kile. Afrika Mashariki enzi za ukoloni iliwahi hata kuishi kwenye saa mbili na dakika arobaini na tano mbele ya Greenwich, kipimo cha mtu anayegawa nyama kwenye mizani mbovu, kabla hatujatulia kwenye saa tatu kamili. Sasa fanya hesabu, msomaji. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Saa tatu ni nyuzi 45, na longitudo ya nyuzi 45 mashariki haipiti Dar es Salaam wala Nairobi wala Kampala. Inapita Somalia, jirani kabisa na Mogadishu. Saa tunazovaa mikononi zimepimwa kwa jua la Wasomali. Dar es Salaam, kwa wastani, jua linafika utosini saa sita na dakika ishirini na tatu. Kigoma linafika karibu saa saba. Mtu wa Kigoma anayechelewa mkutano kwa saa nzima ana haki ya kujitetea mbele ya wataalamu wowote wa falaki, na mimi nitakuwa shahidi wake.

Hata hivyo sikuwaonea wivu. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, na jua letu ni muungwana: Januari hadi Disemba linatoka karibu saa kumi na mbili, linazama karibu saa kumi na mbili. London, Disemba, jua linatoka saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limekwenda zake. Juni linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu usiku bado lipo linakutazama. Watu wenye jua la namna hiyo lazima wajenge jumba la kutafutia wakati. Lazima.

Lakini walijengaje? Hapa ndipo moyo wangu ulipolainika, kwa sababu kwenye nyumba ile ya matofali iliyo pembeni mwa ua nilimkuta ndugu yangu.

John Flamsteed alikuwa mtu wa Derbyshire, mgonjwa mgonjwa, na mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili alimteua kuwa Mwanafalaki wake wa kwanza. Kazi yenyewe: apange upya nyota zote za mbinguni, moja moja, ili mabaharia wapate kujua longitudo wakiwa baharini. Mshahara: pauni 100 kwa mwaka. Vifaa: hakuna. Mfalme alitoa jumba, si vitu vya kuweka ndani yake. Flamsteed alijinunulia mwenyewe au kuomba kwa watu. Saa mbili bora za fundi Thomas Tompion alipewa na mfadhili wake, Jonas Moore. Ili apate chakula akafundisha wanafunzi, na baadaye akachukua na kazi ya uchungaji kijijini Burstow. Mtumishi wa umma yeyote wa kwetu atakuwa anatikisa kichwa hapa.

Na jumba lenyewe! Bajeti ilikuwa pauni 500, zilizopatikana kwa kuuza baruti ya serikali iliyoharibika. Matofali yalitoka kwenye ngome ya Tilbury, mbao na risasi kwenye lango lililobomolewa la Mnara wa London. Msanifu alikuwa Christopher Wren, yule yule wa kanisa kuu la St Paul's. Ili kubana matumizi, wakajenga juu ya msingi wa ngome iliyokuwepo zamani, na msingi huo haukuelekea kaskazini. Umepinda kwa nyuzi kama 13. Kwa jumba la kawaida si neno. Kwa jumba la kupimia nyota zinapokatiza mstari wa kaskazini na kusini, ndiyo habari yote. Kile chumba kikubwa cha pembe nane, chenye madirisha marefu na dari ya nakshi, ambacho wageni wote wanakipiga picha, hakikufaa kwa kazi iliyojengewa jumba. Kilifaa kwa wageni wa heshima. Kazi Flamsteed aliifanyia kwenye kibanda bustanini. Gharama ikaishia pauni 520, ikazidi makadirio kwa ishirini tu, na hapo ndipo pekee ninapowavulia kofia.

Kwa miaka zaidi ya arobaini mtu huyu alitoka nje usiku wa baridi, akaweka jicho kwenye darubini, akaandika. Na akanung'unika. Alinung'unikia mshahara, alinung'unikia kichwa chake, alimnung'unikia zaidi Isaac Newton, aliyekuwa anamsukuma atoe hesabu za nyota kabla hazijakamilika. Flamsteed akakataa: kazi haijaiva. Mwaka 1712 Newton na Edmond Halley wakazichapisha bila ridhaa yake, nakala 400. Mzee akasubiri. Wakubwa waliokuwa wakimlinda Newton walipofariki, akafanikiwa kupata nakala 300 zilizobaki, akaziwasha moto. Nilipolisoma hilo nilitamani kupiga makofi mle ndani, ila mpwa wangu alikuwa ananiangalia.

Alipokufa mwaka 1719, na Halley huyo huyo akapewa nafasi yake, mjane, Bibi Margaret Flamsteed, alikusanya vifaa vyote akaondoka navyo. Si mume wake ndiye aliyevinunua? Halley akaingia kwenye jumba tupu. Kisha mama huyo akasimamia kazi ya mumewe mpaka ikatoka kama alivyotaka mwenyewe, mwaka 1725, ikiwa na nyota karibu 3,000. Wanawake wa namna hii ndio wanaofaa kuwa kwenye noti.

Baada ya hapo niliona kila chumba kina mlalamikaji wake. Ghorofa ya saa za baharini ni ya John Harrison, seremala. Bunge mwaka 1714 lilitangaza zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayeweza kupata longitudo baharini, baada ya meli nne za jeshi kugonga mwamba visiwani Scilly mwaka 1707 na kuua watu zaidi ya 1,400. Harrison akatengeneza saa isiyoyumbishwa na mawimbi, ya nne ikiwa ndogo ya kushikika mkononi, na ikaenda Jamaika mwaka 1761 ikafanya vizuri. Kamati iliyosimamia zawadi ikasema ijaribiwe tena. Kisha ikataka afundishe wengine. Kisha ikataka nyingine. Alilipwa salio lake mwaka 1773, tena baada ya kulalamika mpaka kwa mfalme, akiwa na miaka 80. Zile saa zake tatu kubwa za mwanzo zinaendelea kugonga mpaka leo, vyuma vinacheza, zinapendeza kuliko chochote nilichokiona London. Sisi huku tulikuwa tunakwenda na pepo za kaskazi na kusi. Mwaka 1498 rubani aliyechukuliwa Malindi aliwafikisha Wareno Calicut chini ya mwezi mmoja, na historia haionyeshi kamati yoyote iliyomtaka arudie.

Aliyenivutia kupita wote, lakini, hakuwa mwanafalaki. Ruth Belville aliuza saa. Namaanisha aliuza wakati wenyewe. Baba yake, mfanyakazi wa pale, alianza mwaka 1836 kupeleka saa sahihi kwa mafundi wa London; akafa, mama akaendelea; mama akastaafu mwaka 1892, binti akapokea. Alipanda kilima kile (kilima kile!) na saa yake ya mfukoni aliyoiita Arnold, akairekebisha kwa saa ya jumba, akapewa cheti, akashuka kuzunguka madukani. Ukilipia, unamwangalia Arnold, unarekebisha yako. Mwaka 1908 mkuu wa kampuni iliyouza wakati kwa waya za telegrafu alisimama hadharani akambeza kwamba mambo yake yamepitwa. Magazeti yakaandika, na biashara ya Ruth ikazidi kushamiri. Aliendelea mpaka 1940, miaka kumi na sita baada ya redio ya BBC kuanza kurusha ile milio sita ya saa kutoka Greenwich, ambayo marehemu baba yangu alikuwa akiinyamazia nyumba nzima ili arekebishe saa yake.

Nikamuuliza mpwa wangu, nyota sasa wanaziangalia lini. Akasema wenyewe walihama. Kweli: taa na moshi wa London viliwashinda, kati ya 1948 na 1957 wakahamishiwa Herstmonceux mashambani, 1990 wakapelekwa Cambridge, na 1998 serikali ikaifunga ofisi yote. Darubini kubwa ya mwaka 1893, yenye kioo cha inchi 28, imerudi pale chini ya kuba lake kwa ajili ya wageni. Ofisi iliyoipa dunia saa haikupewa hata muda wa kuaga vizuri. Flamsteed angeandika barua kali.

Nawe ukipata ndugu wa kukuburuta mpaka huko, shika haya. Saa ya getini na mpira mwekundu vinaonekana kutoka nje bila kulipa senti, na chini ya ukuta wa ua, kwenye njia ya watembea kwa miguu, mstari wenyewe umeendelezwa. Ukanyage bure mpaka uchoke. Mpwa wangu alilijua hilo, akaniambia tukiwa tunashuka. Kiingilio kilipe kwa ajili ya nyumba ya Flamsteed na saa za Harrison. Na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ukiisoma saa ya getini ongeza saa moja, la sivyo utaachwa na treni.